Mwongozo kamili: Namna ya kuweka ukomo wa mwendo kwenye barabara ya ndani ya mtaa wenu

Barabara yetu ilipokuwa ya vumbi haikuhitaji kibao cha mwendo. Mashimo yalikuwa yakifanya kazi hiyo bila mshahara. Gari iliingia mtaani ikiyumba kama ngalawa kwenye bahari mbaya, na aliyejitia kukimbia aliishia kwa fundi, shokapu mkononi. Lami ilipokuja tulishangilia, vigelegele vikapigwa, na wiki haijaisha gari zikaanza kupita tukiusikia upepo wake tu. Barabara nyingi za ndani za Unguja na Pemba zimetiwa lami miaka ya karibuni, na mitaa mingi imejikuta hapo hapo. Nyumba hazikusogea, mabaraza hayakusogea, watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani kwa njia ile ile, ila kinachopita mbele ya mlango kina kasi nyingine.

Niliyoyaandika hapa ni yale tuliyoyapitia katika shehia yetu, Wilaya ya Magharibi B, Unguja, tangu kupima mpaka kibao kusimama. Tulianza kwa kosa, na nitaanza nalo.

Mtoto mmoja wa mtaani aligongwa na gari akavunjika mguu. Alipona, alhamdulillahi. Lakini usiku ule ule vijana wa maskani walichanganya saruji na kokoto wakamwaga tuta juu ya lami, limenyanyuka kama gogo la mnazi, halina rangi wala alama. Siku ya tatu bodaboda iliyompakia mama mmoja na kapu la mayai ililivaa gizani, wote wakaenda chini. Kisha ikanyesha mvua ya masika. Maji yaliyokuwa yakiteremka kando ya lami yakakuta kizuizi, yakageuza njia na kuingia ukumbini kwa bibi mmoja jirani. Tuta likaja kuvunjwa, nasi tukabaki tulipokuwa, na ugomvi juu yake.

Hatua ya kwanza: ulizeni barabara ni ya nani

Hakuna kinachochelewesha barua kama kuipeleka kwa asiyehusika. Barabara kuu inayopita katikati ya mtaa haishughulikiwi na watu wale wale wanaoshughulikia barabara ya ndani inayoishia msikitini. Nendeni Manispaa, au Baraza la Mji kama mko Chake Chake, Wete au Mkoani, mkaulize swali moja tu: hii ni yenu au ya wizara? Mkiambiwa ni ya wizara, ulizeni ofisi gani hasa. Walio Mji Mkongwe wana mlango mmoja zaidi wa kubisha, kwa kuwa mamlaka ya uhifadhi nayo ina neno juu ya chochote kinachosimikwa au kujengwa njiani.

Jambo hili ni la asubuhi moja. Lifanyeni kabla hamjaandika hata mstari.

Hatua ya pili: itembeeni

Chukueni karatasi mchore barabara tangu inapoanzia hadi inapokwisha. Tieni alama kwenye skuli, chuo, msikiti, duka, bomba la maji, kijiwe cha bodaboda, kona isiyoonesha mbele, na kila mlango unaofunguka moja kwa moja barabarani. Andikeni pia mahali ambapo mtu wa miguu hana pa kupita ila juu ya lami. Kwetu sehemu hiyo ilikuwa karibu barabara yote, na hatukuwa tumelifikiria hilo mpaka tulipoliona limechorwa.

Itembeeni zaidi ya mara moja. Saa moja asubuhi ni watoto wa skuli. Alasiri ni watoto wa chuo, wengine wadogo kabisa, juzuu kifuani, wanatembea wanne wanne huku wakisukumana. Baada ya magharibi kuna giza. Ijumaa mchana lami inageuka kuwa mahali pa kuegesha gari. Na kama ni Ramadhani, kaeni barazani dakika 20 kabla ya adhana ya magharibi mtazame wenyewe watu wanavyoiwahi futari. Mimi sijaona saa ya hatari kuliko hiyo: tumbo tupu, jua linazama machoni, na kila mtu ana haki ya kufika kwanza.

Hatua ya tatu: pimeni mwendo

Hapa ndipo watu wengi huruka, na ndipo barua nyingi hufa. "Gari zinakimbia sana" ni malalamiko. "Tumepima gari 100 na nyingi zimezidi kilomita 40 kwa saa" ni jambo ambalo ofisa analazimika kulijibu. Wala hamhitaji mashine ya trafiki.

Tafuteni kipande kilichonyooka, mbali na kona na makutano. Kwa futikamba ya fundi pimeni mita 50 kando ya barabara, mtie alama mwanzo na mwisho. Nguzo ya umeme na pembe ya ukuta zinafaa kuliko chaki, kwani dereva hazishangai. Kaeni watu wawili au watatu. Mmoja anakaa sambamba na alama ya mwanzo na kuinua mkono pua ya gari inapoifikia. Wa pili, mwenye saa ya simu, anakaa sambamba na alama ya mwisho. Anaanzisha saa akiona mkono na kuisimamisha gari ikimfikia yeye. Wa tatu anaandika.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanyeni 180 kwa sekunde mlizopata, jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni 30. Sekunde nne na nusu ni 40. Sekunde 3.6 ni 50. Sekunde 3 ni 60, na siku ya kwanza mtakapoipata hiyo mtatazamana.

Kuna mambo ya kuangalia. Msisimame barabarani na madaftari kama watu wa sensa, maana dereva akiwaona anapunguza. Kaeni barazani kama mnaokunywa kahawa. Msihesabu gari iliyobanwa nyuma ya nyingine au nyuma ya gari la ng'ombe, kwa sababu huo si mwendo aliouchagua mwenyewe. Msichague wenye mbio tu. Andikeni kila anayepita huru. Na andikeni aina: gari ndogo, vespa, bodaboda, bajaji, daladala, gari la mchanga.

Zikifika 100 zipangeni kutoka ya taratibu hadi ya mbio. Ya 50 ndiyo mwendo wa kati. Ya 85 ndiyo ile ambayo wahandisi wa barabara huitazama sana: watu 85 katika 100 hawaizidi. Mtaa ukiwa mkimya mkapata gari 40 tu, angalieni ya 20 na ya 34. Hesabuni pia wangapi walizidi 30.

Upimaji ulitufundisha kitu ambacho hakikumfurahisha mtu. Tulikuwa tumeshawahukumu bodaboda na watu wa kupita. Daftari lilipofunguliwa, wenye mbio wengi walikuwa majirani zetu wenyewe, wanaorudi nyumbani na kuijua kila kona. Mmoja wao alikuwa mjumbe wa kamati yetu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Andikeni tu."

Hatua ya nne: chagueni nambari

Kuna mazoea ya zamani ya kuuchukua ule mwendo wa gari ya 85 na kuufanya ndio ukomo. Kwenye barabara ndefu baina ya miji mnaweza kubishana juu yake. Mtaani haufai, kwani maana yake ni kwamba wanaokimbia ndio wanaopanga sheria. Mtaani anzeni kwa kuuliza: mtoto akichomoza hapa, gari itasimama?

Tufanye hesabu. Dereva akishtuka hupita kama sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Kwa mwendo wa 30, katika sekunde hiyo gari inakwenda mita 8 na kitu, kisha breki kwenye lami kavu inachukua kama mita 5. Jumla ni mita 13 hivi. Kwa mwendo wa 50, ile sekunde moja peke yake inakula karibu mita 14. Yaani pale ambapo gari ya 30 imekwishasimama, ya 50 haijaanza hata kupunguza. Itasimama kwenye mita ya 27 au 28, na lami ikiwa mbichi kwa mvua au ina mchanga juu yake, mbele zaidi.

Kwa wanaopenda mfano kuliko hesabu: kugongwa na gari ya 50 ni sawa na kuanguka kutoka karibu mita 10 juu. Huo ni mnazi mzima. Kugongwa kwa 30 ni sawa na kuanguka mita tatu na nusu, yaani kutoka juu ya paa la nyumba ya kawaida. Kote kunaumiza, lakini kila mtu hapa amewahi kuhudhuria maziko ya mkwezi.

Kwa hiyo kwa barabara ya ndani yenye watu, anzeni na 30, na anayetaka zaidi ndiye alete sababu. Kichochoro ambacho watoto wanachezea katikati, 20 inatosha. Barabara pana inayopita kando ya mtaa, yenye njia ya miguu iliyotengwa na pa kuvukia, inaweza kubeba 40 au 50, na kuilazimisha 30 bila kuibadilisha ni kuwafundisha watu kudharau vibao. Tazameni nini kinachanganyika na nini: panapochanganyika miguu, baiskeli na gari, ishusheni nambari.

Ofisa akiuliza 30 mmeitoa wapi, mna jibu. Azimio la Stockholm la usalama barabarani, la Februari 2020, liliitaja kwa jina kuwa ndiyo ya juu kabisa mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara, na Agosti mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliunga mkono azimio hilo. Mji wa Graz, Austria, ulianza na 30 mji mzima, ukiacha barabara kuu, mwaka 1992.

Hatua ya tano: kaeni na watu

Msiende kwa sheha mkiwa na jambo ambalo mtaa haujalisikia. Iteni watu baada ya sala ya isha au Jumapili asubuhi, na muwaite hasa wale mnaodhani watapinga: mkubwa wa kijiwe cha bodaboda, wenye daladala kama zinapita, mwenye duka la vifaa anayeletewa saruji. Mwalimu wa madrasa naye asisahauliwe. Mwalimu anajua watoto wanavukia wapi kuliko mhandisi yeyote. Kina mama wakija wachache, nendeni mkawasikilize walipo. Na kama kuna asiyeona au anayetumia kigari cha magurudumu, tembeeni naye barabara kabla ya kikao.

Hoja mtakayoisikia ni "tutachelewa." Ijibuni kwa saa. Barabara ya mita 600 kwa 50 ni sekunde 43. Kwa 30 ni sekunde 72. Tofauti haifiki nusu dakika. Kwetu muuza kahawa ndiye aliyeimaliza: alisema nusu dakika hiyo yeye anaimwaga kila anaposuuza kikombe.

Hatua ya sita: barua

Barua iwe ukurasa mmoja, na nyuma yake mchoro wenu na jedwali la vipimo. Ipitie kwa sheha, diwani aione, ndipo iende Manispaa au kokote mlikoelekezwa, na nakala kwa polisi wa usalama barabarani. Gongesheni muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Bila muhuri, barua yenu ni hadithi.

Ya kwetu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu za huzuni. Sheha aliisoma yote, akavua miwani.

"Sasa wanangu, nyinyi mnataka kibao au mnataka gari zipunguze mwendo?"

"Gari zipunguze, mzee."

"Basi mbona barua yote ni kibao?"

Tukaiandika upya. Barua yenu iseme mambo haya waziwazi: ukomo gani, kuanzia wapi mpaka wapi (tajeni vitu visivyohama, kama makutano au skuli), na barabara ibadilishwe vipi ili ukomo huo ufuatwe. Ombeni pia siku ya mhandisi kuja kuitembea pamoja nanyi. Hiyo ziara ina thamani kuliko barua tano.

Na tafadhali, msichonge kibao chenu wenyewe kwa fundi wa kuchomea na kukisimika. Ukomo hauna nguvu mpaka utoke kwa mwenye mamlaka. Trafiki hawezi kumshika mtu kwa nambari iliyoandikwa na mtaa, na siku ya ajali kibao hicho kitawaletea maswali nyinyi.

Hatua ya saba: kibao

Duara jeupe, ukingo mwekundu, nambari nyeusi. Kisimame upande wa kushoto mwa anayeingia, kwenye kila mdomo wa mtaa, maana aliyeingilia uchochoro wa pili hakukiona cha kwanza. Chini yake pawe na kimo cha mtu kupita bila kugonga kichwa. Angalieni mwembe na mkungu: kibao kinachoonekana Januari kinaweza kuwa kimefunikwa na majani baada ya masika.

Msikitegemee sana. Uingereza ilipochunguza mitaa iliyowekewa vibao vya maili 20 kwa saa (kama kilomita 32) bila kubadilishwa barabara, ripoti ya serikali ya 2018 ilionesha mwendo wa kati kwenye mitaa ya makazi ulishuka kwa chini ya maili moja kwa saa.

Hatua ya nane: barabara yenyewe iseme 30

Dereva husoma barabara kabla ya kusoma kibao. Lami pana, iliyonyooka, isiyo na kitu, inamwambia "nenda." Kazi kubwa iko hapa.

Matuta ndiyo dawa inayojulikana, lakini tuta zuri halifanani na gogo la vijana wetu. Liwe pana kwa upande wa safari, kama mita 3.7, na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, limeinuka taratibu na kushuka taratibu. Gari ya 30 inalipita kwa staha. Ya 50 inaadhibiwa. Vespa hairushwi. Tuta jembamba lililoinuka sana linafanya kinyume: linamtesa anayekwenda polepole na mama mjamzito kwenye bajaji, ilhali mwenye gari kubwa analirukia.

Moja halitoshi. Dereva akilivuka hukanyaga mafuta kufidia. Yapangeni kila baada ya mita 60 hadi 80, la kwanza likiwa karibu na mdomo wa mtaa, gari ikiwa bado haijashika kasi. Lisiwe kwenye kona, wala mbele ya geti la mtu. Yapakwe mistari myeupe na yatanguliwe na alama ya pembetatu. Pembeni paachwe nafasi ya maji. Tembeeni siku ya mvua muone maji yanapita wapi kabla mhandisi hajatia alama. Kwa mitaa ya miteremko, kama ile ya Chake Chake, breki inahitaji mita zaidi kwenye kushuka, basi tuta liwe juu, gari inapoanza kuteremka, lisingoje chini ambako mwendo umekwishakolea.

Mbele ya skuli na chuo ombeni kivuko kilichoinuliwa: tuta lenye bapa juu, watoto wanavuka kwa kimo cha njia ya miguu na gari ndiyo inayopanda. Ikiwa mna nafasi moja tu ya kuomba kitu cha gharama, ombeni hicho. Hapo Dar es Salaam, mradi wa kuboresha njia za wanafunzi kwa vitu vidogo kama matuta, njia za miguu na vizuizi vya nguzo, uitwao SARSAI, ulishinda mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI (World Resources Institute). Vitu vyenyewe ni vya saruji na rangi.

Rasta, ile mistari myembamba iliyoinuka, zinaamsha dereva kwenye barabara ndefu lakini mtaani zinawanyima usingizi wenye nyumba. Tuliziomba, tukajuta.

Njia nyingine ni kuibana barabara: kupunguza upana wa mdomo wa makutano ili gari ikate kona polepole, au kuweka vyungu vikubwa vya miti upande huu na upande ule ili njia isinyooke. Hili linaweza kujaribiwa kwa ruhusa kwa mwezi mmoja, kwa mapipa yaliyojazwa mchanga, yakapakwa rangi nyeupe na kanda ya kung'aa usiku. Mapipa yana faida kwamba yakionekana mahali pabaya yanasogezwa. Msitumie mawe ya matumbawe matupu, usiku hayaonekani.

Vijiji vya pwani ambako wageni hukodishwa vespa, kama Paje, Jambiani na Nungwi, vina jambo la ziada: wakodishaji waelezwe ukomo na wamuoneshe mgeni kwenye ramani kabla ya kumpa ufunguo. Mgeni hajui kwamba nyuma ya ukuta ule kuna chuo.

Hatua ya tisa: pimeni tena

Mwezi mmoja baada ya kazi kwisha, rudini pale pale, alama zile zile, saa zile zile, mpime gari 100. Kisha baada ya miezi sita, watu wakishazoea. Gari ya 85 ikiwa imeshuka hadi 30 na kidogo, vizuri. Ikiwa bado inakaribia 45, msiombe polisi asimame hapo kila siku, hawezi. Rudini hatua ya nane muone ni kipande gani bado kinamwambia dereva "nenda". Kwetu kilikuwa kipande cha kati, mita 120 bila kitu. Manispaa wameongeza tuta moja hapo, na kipimo cha tatu tunakifanya Ramadhani ikiingia.

Rangi nyeupe ya matuta huisha kwa msimu mmoja wa masika. Mteueni mtu wa kuandika ombi la kupaka upya kila mwaka, na daftari la vipimo likae mahali pamoja panapojulikana. Letu liko dukani, chini ya mizani.